Tunakwenda kwa Nani?

Kiswahili kimelipa neno kutembea kazi mbili. Mtoto wa mwaka mmoja anaanza kutembea, na mjomba wa Laela anakuja kututembelea. Ukibisha hodi na kusema "nimekuja kutembea", hakuna atakayedhani ulikuwa unanyoosha miguu. Mwisho wa safari yuko mtu. Neno la rika letu, mtoko, ni la namna nyingine. Linasema tu kwamba umetoka, na wala halisemi nani anakungoja.

Nilianza kuifikiria tofauti hiyo mwezi Juni, nilipomwambia mama kwamba Jumamosi tunakwenda kuona maporomoko ya Kalambo. Akauliza, bila utani wowote, "Tunakwenda kwa nani?"

Niseme kidogo kuhusu Juni ya Ufipa. Shuleni tulifundishwa kwamba vuli ni majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika. Kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua. Kwetu haipo kwa maana yoyote ile, kwa sababu mvua yetu ni moja, inaanza Novemba na kukatika Aprili. Baada ya hapo nyasi za uwandani zinageuka rangi ya ulezi uliokomaa, na baridi inatukumbusha kwamba Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mahindi yamekauka, njia za vijijini zinapitika, watu wana chakula na wana nafasi. Ndiyo miezi ya harusi na ya kutembeleana.

Na ndiyo miezi ambayo sisi tunaosoma Dar es Salaam tunarudi kwa basi, kupitia Mbeya na Tunduma, tukiwa na wazo moja kichwani: wazazi wanazeeka, tuwafurahie wangali hai. Wazo hili limetuenea. Kila anayepoteza mzazi anatuandikia sisi wengine tusifanye ajizi. Lina mizizi mirefu pia. Epiktetos, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, alifundisha kwamba unapombusu mwanao ujikumbushe kuwa unambusu mtu atakayekufa. Alitaka msiba usikukute umelala. Sisi tumelichukua zoezi lilelile na kuligeuza. Hatujiandai kuvumilia kifo, tunataka kukitumia kama kengele ya kutuamsha tupende.

Nauliza kama ni haki kumpenda mtu hivyo. Mama yangu ana miaka sitini na tatu, analima, hana ugonjwa wowote. Nikimtazama kama mtu anayeondoka, namtazama yeye au nautazama uchungu wangu wa baadaye?

Swali hilo nisingelifikia peke yangu. Tulikodi gari dogo, tukapita Matai, tukashika njia ya Kapozwa. Pale maji ya mto Kalambo yanaanguka mara moja zaidi ya mita 200, na ng'ambo ya korongo ni Zambia. Mama aliyatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akauliza yanakwenda wapi. Nikamwambia Ziwa Tanganyika. "Yote haya," akasema, "bila kupita shambani kwa mtu." Nilikuwa nimeshika simu, nampiga picha ya tano au ya sita. Akageuka. "Hizo ni zangu, au ni za msiba?"

Kila Mtanzania anaijua picha ya msiba. Ni ile inayotafutwa haraka kwenye simu za ndugu, inakuzwa, inawekwa fremu na kusimamishwa mbele ya jeneza. Mama alikuwa ameiona kabla haijachapwa.

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilikuwa sahihi. Anayependwa kwa sababu atakufa anajua. Anaona jinsi sauti inavyolainishwa akisema jambo la kipuuzi, jinsi asivyobishiwa tena. Mama anapenda kubishiwa. Kubishana na mtu ni kumhesabu bado yumo mchezoni.

Hata hivyo sikubaliani na jibu jepesi la upande wa pili, ambalo nimelisikia kwa watu wengi wazima: mitoko ni mambo ya wazungu, upendo wa kwetu uko kazini. Ni kweli kwamba Julai, tukikaa uani kupukuchua mahindi, mama anazungumza kuliko siku yoyote. Aristotle alisema watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja, na chumvi nyingi ya nyumbani kwetu imeliwa juu ya gunia. Lakini jibu hilo linasahau kuuliza nani hajawahi kupewa nafasi ya kitu kingine. Mama amezaliwa na kuishi maisha yake yote katika uwanda huu, akiwa na ziwa upande huu na ziwa upande ule, na kabla ya Jumamosi hiyo hakuwa amefika Kalambo. Safari zake zote zilikuwa na sababu: mgonjwa, mazishi, mnada, mbegu, ada yangu. Watu wametoka mbali kuyaona maporomoko haya kwa raha tupu, wakati yeye, wa hapahapa, alihitaji kwanza awe na mtu wa kumwendea.

Kwa hiyo lile swali la "kwa nani" nalisikia kwa masikio mawili. Sikio moja linasikia busara, kwamba mahali bila mtu ni mandhari tu. La pili linasikia kovu. Mtu aliyezoeshwa kwamba kila hatua yake lazima imfae mwingine hawezi kuanza safari mpaka ajue inamfaa nani.

Nilimsimulia habari ya magogo. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta magogo mawili yaliyochongwa yakaingiliana, na mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba yana umri wa miaka 476,000 hivi. Ni zamani kabla ya watu wa namna yetu kuwapo. Akauliza walikuwa wanajenga nini. Nikamwambia huenda ni jukwaa, huenda ni njia ya kupita mahali penye maji. "Basi walikuwa na shughuli," akasema, akaridhika, kana kwamba na sisi sasa tuna ruhusa ya kuwapo hapo.

Tukirudi alisimamisha gari Matai anunue maharage. Alikaa na muuzaji nusu saa wakitafuta ukoo, wakaupata kwa upande wa shemeji. Nadhani hapo ndipo safari ilipokamilika kwake. Yangu ilikamilika kule kwenye maji. Sioni kwa nini lazima tuchague moja.

Ila nimeamua sababu yangu ni ipi. Kumpeleka mtu mahali kwa kuwa muda wake unakwisha ni kumwomba akusaidie usije ukajuta. Kumpeleka kwa kuwa ni zamu yake, na zamu hiyo imechelewa, ni jambo jingine, hata kama gari ni lilelile na picha ni zilezile. Picha sijazifuta. Moja ameiweka yeye mwenyewe kwenye WhatsApp.

Mwezi huu alinipigia. Wanawake wa kikoba chake wamechanga wakakodi Coaster, Septemba wanashuka Kasanga kuliona Ziwa Tanganyika. Nikamwambia atazame miti ya miombo mteremkoni, kwani wakati huo huwa myekundu. Akaniambia anajua, ndiyo majani mapya yanavyotoka. Nikauliza wanakwenda kwa nani.

"Tunatembea tu," akasema. "Wewe utakuwa shuleni."