Mume na Mke Kwenda Mjini Siku Tatu: Je, Ni Anasa?



Limezuka swali katika mazungumzo yetu baada ya ibada, nasi tumeona yafaa tulijadili hapa kwa utulivu kuliko kuliacha liishie barazani. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mume na mke waliooana siku nyingi, wenye watoto na majukumu, wawaache watoto kwa bibi yao, wakakae mjini siku tatu wawili peke yao, bila msiba wala arusi wala shauri la hospitali kuwapeleka huko, ila kwa kufurahiana tu?

Wapo wanaocheka wakisikia hayo, wakasema ni uzungu. Wengine hawacheki bali hukasirika, wakiuliza ni nani mwenye fedha za kutupa wakati ada za shule hazijalipwa na paa la kanisa linavuja. Na wengine, ambao wengi wao ni akina mama, hunyamaza. Kunyamaza kwao ndiko kunakotufanya tudhani kwamba swali hili si dogo.

Tuanze na hilo la uzungu. Watu wa pwani yetu wanalo neno fungate, nalo halikuja na meli. Arusi ikiisha, bwana na bibi arusi walikaa ndani siku saba. Hawakwenda shamba wala hawakuteka maji. Chakula kililetwa na jamaa. Hakuna aliyewaita wavivu. Jamaa nzima ilikubali kufanya kazi zaidi kwa siku hizo ili wawili hawa wapate kujuana. Tukifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, tunaona jambo la namna hiyo: mtu aliyeoa karibuni alisamehewa kwenda vitani kwa mwaka mzima, akae nyumbani kwa ajili ya furaha ya mke wake. Tulifikiri vizuri hilo. Sheria ilikubali jeshi lipungukiwe mtu mmoja, na sababu iliyotosha ilikuwa furaha ya mwanamke mmoja.

Kwa hiyo kuwatengea mume na mke siku zao si jambo la kigeni. Lililo geni ni kwamba siku hizo zilitolewa mwanzoni tu, wakati ambapo mapenzi yana moto wake yenyewe. Baada ya miaka ishirini, ni nani anayewaletea chakula ili wapate kuzungumza? Sisi tuliofundisha miaka mingi tumeziona nyumba nyingi za wazazi wa wanafunzi wetu, na tumeona kwamba ndoa nyingi haziharibiki kwa ugomvi. Mume na mke huwa kama walimu wawili wa shule moja wanaopishana mlangoni, mmoja akiingia darasani na mwingine akitoka. Wanaambiana habari za ada, za dawa ya ng'ombe, za nani ameazima jembe. Kila wanaloambiana ni la kweli na la lazima, lakini siku nyingi hupita bila mmoja kumwuliza mwenzake, "Wewe mwenyewe hujambo moyoni?" Na siku ya ndoa, mbele ya Padre, hatukuahidi kulishana tu. Tuliahidi kupendana na kutunzana.

Sasa lile la fedha, ambalo ni zito zaidi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 12, Mariamu wa Bethania anamimina mafuta ya nardo ya thamani kubwa, na Yuda anauliza kwa nini hayakuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Swali lake lilikuwa jema kwa sura, lakini Bwana hakulikubali. Basi twajifunza kwamba si kila kinachotumiwa kwa upendo kimeibwa kwa maskini. Lakini kila mpenda matumizi asiukimbilie mfano huu. Mafuta yale yalikuwa ya Mariamu mwenyewe. Hakuyakopa, wala hakuna mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili yake.

Tena tujitazame sisi wenyewe. Arusi inapokuja, kamati huundwa, kadi za michango hugawanywa, na fedha nyingi hutumika kwa siku moja. Hatuiti hiyo anasa. Lakini kwa miaka thelathini inayofuata hatuchangii ndoa ile hata kikombe cha chai. Kama kuna mahali pa kupunguza, pengine pa kuanzia ni ukumbini, si kwenye safari ya watu wawili.

Jibu letu, basi, ni kwamba safari hiyo si anasa, bali yaweza kuwa sehemu ya wajibu wa ndoa. Lakini huweza kugeuka dhuluma kwa urahisi sana, na mambo matatu hufaa kuangaliwa.

La kwanza ni fedha yenyewe. Iwe ya akiba, iliyowekwa kidogo kidogo na kujulikana na wote wawili. Safari ya mkopo hurudi nyumbani pamoja na wasafiri na kukaa nao mezani mwezi hadi mwezi. Na safari ambayo mume ameifanya siri mpaka asubuhi ya kuondoka, ingawa inafurahisha kusimulia, humnyima mke nafasi ya kusema kwamba fedha ile ilikuwa na haja nyingine.

La pili ni kazi ya mama. Mara nyingi tunasema baba amempeleka mama kupumzika. Tukitazama vema, tunamwona mama huyo akifua siku mbili kabla, akipika vya kuachwa, akipiga pasi mashati ya mumewe, akiwaagiza watoto, akipakia mizigo. Na akirudi anakuta rundo linamngoja. Mapumziko yake yamemgharimu kazi mara mbili. Mume anayetaka kumpumzisha mkewe na aanzie hapo: afue yeye, apange yeye, ajue yeye mtoto mdogo anameza dawa saa ngapi.

La tatu ni wale wanaobaki. Bibi anayeachiwa watoto, au binti wa kazi, ndiye anayeleta chakula cha fungate hii. Aulizwe kwanza, asiamriwe. Aachiwe fedha za kutosha, na wakirudi apewe naye siku zake za kupumzika. Furaha ya wawili iliyojengwa juu ya mgongo wa wa tatu asiyeshukuriwa ina ila.

Huenda mtu akauliza: Je, mapenzi hupangwa? Yakipangwa si yanakuwa kazi? Sisi tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika andalio la somo kila siku. Wapo waliodhani andalio huua somo, lakini tuliona kinyume chake. Mwalimu asiye na andalio hushughulika kutafuta chaki na kitabu, na mtoto akiuliza swali zuri hana nafasi ya kulisikia. Mwenye andalio ana nafasi. Ndivyo ilivyo kwa safari hii. Hatupangi mapenzi, tunapanga mashua na malazi, ili mapenzi yasisumbuliwe na mambo hayo.

Tuchukue mfano ulio karibu, yaani Mji Mkongwe wa Unguja, kwa watu wanaotoka bara. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kadiri ya saa mbili, na msafiri aende na kitambulisho chake. Masika, yaani Machi hadi Mei, mvua ni nyingi. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna ubaridi wa kusi, lakini Julai na Agosti wageni kutoka Ulaya hujaa na vyumba hupanda bei. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na mgeni mwema hali hadharani. Mavazi yawe ya heshima wakati wote, kwa kuwa ule ni mji wa watu, si uwanja wa maonyesho.

Kuhusu malazi kuna jambo gumu kidogo. Wengi wetu tuna ndugu Unguja, na kupita mlango wa ndugu kwenda kulala nyumba ya wageni huonekana dharau. Lakini ukifikia kwa ndugu utakuwa mgeni wake. Wanaume watakaa barazani na wanawake jikoni, na wale wawili wataonana usiku wakiwa wamechoka. Tena wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njia ya haki ni kusema kweli: mpelekeeni ndugu salamu mapema, mwambieni mmekuja kwa jambo lenu, kisha siku ya mwisho nendeni kwake na zawadi mkononi. Ndugu mwenye busara ataelewa, na huenda akatamani kufanya hivyo yeye mwenyewe.

Mkiisha kufika, msijaze siku. Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, hautaki haraka. Vichochoro vyake vingi ni vyembamba, motokaa haipiti, na watu wawili hulazimika kutembea karibu karibu. Tazameni milango ya nakshi. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, basi msiifunge safari kwa tumaini la kuingia humo. Jioni nendeni Forodhani, jua linapozama na wauzaji wakiwasha taa zao; kaeni ukutani karibu na maji na mishkaki yenu na bilauri ya maji ya miwa, mzungumze. Na simu ibaki mfukoni. Chakula kinachopigwa picha kwa ajili ya watu walioko nyumbani kimeliwa na watu wengi mno.

Lakini mahali tunapowasihi msipaache ni Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa mahali pale pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, alifariki mwaka 1882, naye amezikwa nyuma ya altare. Nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa watano wamesimama shimoni, na mnyororo shingoni.

Huenda mtu akasema hapo si mahali pa kumpeleka mke kwa starehe. Sisi twadhani ndipo hasa. Katika soko kama lile mume aliweza kuuzwa kwa mtu wa mashariki na mke kwa mtu wa kaskazini, na hakuna aliyeuliza kama walikuwa na neno la kuambiana. Siku moja zaidi ya kukaa pamoja ilikuwa kitu ambacho wasingeweza kukinunua kwa bei yoyote. Mume na mke wanaosimama pale leo, kisha wakatoka nje pamoja kwa hiari yao, wataona kwamba siku tatu za kuwa pamoja si kitu cha kuonewa haya. Na wataona pia uzito wake: sisi tusiotenganishwa na mnyororo, twawezaje kukubali kutenganishwa na shughuli?

Twajua wako wasioweza safari kama hii, kwa kukosa fedha, au kwa sababu mwenzao ni mgonjwa. Kwao tunasema kwamba kiini cha jambo si bahari. Basi la asubuhi mpaka mji wa wilaya, chakula cha mchana mezani pasipo mtu anayewajua, na kurudi jioni, hutosha. Na kwa aliyeuguza, saa moja kando ya kitanda bila kuzungumza habari za dawa yaweza kuwa fungate. Nao waliofiwa na wenzao wasidhani tumewasahau. Wengi wao ndio wanaotuambia kwamba hawajutii fedha waliyotumia pamoja, bali safari waliyoiahirisha kila mwaka mpaka akabaki mmoja.

Kwa hiyo wale wanaocheka tunawaomba waache kucheka, na wanaokasirika wahesabu vizuri. Na waume wa mtaa huu, tunawaomba jambo moja la wiki hii: mwulizeni mkeo, kama ungepata siku tatu zako na zangu, ungependa tuwe wapi? Kisha usijibu upesi. Msikilize mpaka amalize.

Mungu azibariki nyumba zenu.