Ndoo ya Uthman

Juzi nilipita kwenye kisima kimoja cha kijijini. Kibao cha marumaru bado kinang'aa: jina la marehemu, majina ya wanawe walioko Ghuba, na dua ya kumrehemu. Mkono wa pampu umefungwa kipande cha kanga usipigepige upepo ukivuma. Bibi mmoja alikuwa akipita na madumu mawili kuelekea mtoni. Akaniambia mpira wa ndani ulilika kabla ya Ramadhani. "Maji tunayo, sheikh, ila yako chini."

Ndiyo sadakatul-jariya yetu hiyo. Jariya ni yenye kutiririka; hii imesita.

Kutoa tunajua. Shirika la Islamic Relief lilianzishwa Birmingham mwaka 1984 na Hany El-Banna, daktari Mmisri aliyeguswa na njaa ya Sudan. Mchango wa kwanza ulikuwa peni 20 za mtoto, mpwa wake. Leo linahudumu katika nchi zaidi ya 40. Peni 20, jamani! Hela ya pipi.

Lakini mtoaji wa siku hizi anataka kuhakikishiwa kwamba pesa yake yote imeingia kwenye saruji na bomba, isimlipe mtu mshahara hata senti. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipoisoma tena kwa utulivu aya ya 60 ya Surat At-Tawba. Wanaostahiki zaka ni makundi manane. Mafukara, maskini, kisha kundi la tatu: wanaoitumikia zaka yenyewe, kukusanya na kugawa. Wametajwa kabla ya wenye madeni, kabla ya msafiri aliyekwama. Kama fundi wa pampu anaingia humo au la, niwaachie mafakihi. Ninachokiona ni kwamba kuilipia kazi ya kuihudumia sadaka hakukuwa aibu tangu mwanzo.

Sayyidna Uthman alipokinunua kisima cha Ruma, Madina, Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshataka ndoo ya mnunuzi iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine. Basi Uthman akawa anateka palepale na wenzake. Kamba ikikatika, naye anakosa maji siku hiyohiyo.

Chini ya jina la marehemu pamechongwa namba ya simu. Niliipiga mara mbili, bibi akiwa ameketi juu ya dumu lake akinitazama. Haipatikani.