Mchezaji Anayegoma Si Msaliti

Kila Léopards, timu yetu ya taifa ya Congo (RDC), wanapogoma kudai marupurupu yao, hapa Butembo lawama ni ile ile: hawana uzalendo, wanapenda pesa kuliko nchi. Mimi ni shabiki wa timu hii tangu utotoni, na lawama hiyo siikubali.

Mwaka 1974 Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilikwenda Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mshambuliaji wake Ndaye Mulamba alisimulia baadaye kwamba, baada ya mechi ya Scotland, wachezaji walijua hawatalipwa, wakakataa kucheza. Mwishowe waliingia uwanjani bila moyo, na Yugoslavia ikawafunga 9-0. Ulimwengu uliwacheka wao. Walioshika pesa hakuna aliyewauliza. Ndaye huyo ndiye aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka huo huo, rekodi ambayo bado inasimama. Alifariki Afrika Kusini mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya dhiki.

Januari 2017, kwenye Kombe la Afrika kule Gabon, wachezaji wetu walisusa mazoezi kwa sababu ya malipo, mechi ya Morocco ikiwa mlangoni. Siku ya mechi walishinda 1-0 kwa bao la Junior Kabananga, na dakika za mwisho walipambana wakiwa 10. Waliogoma ndio hao hao walioitolea jasho jezi.

Sisi wa Butembo na Beni tulipaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Siku ya ville morte, mgomo wa mji mzima, maduka hufungwa, pikipiki hazionekani barabarani, na mama muuza mboga hulala bila faida ya siku ile ili kilio chetu juu ya mauaji ya raia huku kwetu kifike Kinshasa. Hakuna anayesema mama huyo haupendi mji wake.

Nao wachezaji wametulilia. Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, walisimama kwenye wimbo wa taifa mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani mfano wa bunduki. Katika ukumbi tulimotazamia mpira, kelele zilikatika ghafla. Mama mmoja aliyekimbia vita alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tulifungwa 1-0, lakini kwa mara moja dunia iliona kinachotupata.

Basi na sisi tuna deni kwao. Ahadi za malipo ziandikwe na zitangazwe kabla timu haijapanda ndege. Na siku ahadi hizo zisipotimizwa, shabiki asianze kwa kumtukana mchezaji. Aanze kwa kuuliza pesa zilitoka wapi na zimekwama kwa nani. Kuipenda timu ni pamoja na kutaka wanaoichezea walipwe haki yao.