Nani Atakuwa Abigaili?



Daudi alipoletewa matusi ya Nabali hakungoja. Papo hapo aliwaamuru watu wake wajifunge panga, na 400 wakafuatana naye kwenda kuua. Nyumba ile iliokoka kwa kuwa Abigaili aliwahi kumkuta njiani, akiwa na chakula na maneno ya upole (1 Samweli 25).

Vijana wetu shuleni nao ni hivyo. Mmoja hukanyagwa kwenye mstari wa chakula, na ngumi imekwisha kuruka kabla hajafikiri. Wataalamu wanatuambia kwamba sehemu ya ubongo inayozuia pupa huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Basi tusimwite mwana wa laana. Anahitaji mtu wa kumzuia njiani.

Lakini sisi je? Mara nyingi twashika fimbo kabla ya kuuliza, kisha twashangaa mtoto akitenda kama sisi. Na hasira isiyosikilizwa haifi, bali hufukuta. Machi 2001 wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, walikufa bwenini kwa moto uliowashwa makusudi.

Juma hili kila mzazi na amwulize mtoto wake, “Nani amekuudhi shuleni?” Kisha asikilize mpaka mwisho bila kukaripia, na amfundishe kuondoka kwanza, kujibu baadaye.

Daudi alimshukuru Mungu kwa kuzuiwa. Watoto wetu nao watashukuru.

Bwana atujalie uvumilivu. Amina.