Nyumba Ina Wenyewe: Swali la Deni katika Hadithi Fupi za Kigothi na za Uhalisiajabu

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja la kimaadili kwa kupitia fasihi. Mtu anapohamia katika nyumba iliyosimama juu ya dhuluma, ilhali yeye mwenyewe hakuitenda dhuluma hiyo, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani? Wanasheria wana jibu lao, nalo huishia kwenye hatimiliki. Wanafalsafa wana majibu mengi mno. Nadai hapa kuwa hadithi fupi ya nyumba yenye mizuka imekuwa ikilikabili swali hili kwa karibu karne mbili, na kwamba mikondo miwili inayoitumia sana mandhari hiyo, yaani mkondo wa kigothi na ule wa uhalisiajabu, inatofautiana hasa katika jinsi inavyolijibu.

Mhakiki aliyelelewa katika mapokeo ya darasani atasema kuwa tofauti iko kwingine. Katika kazi za kigothi, atasema, mzuka huzua hofu kwa sababu huvunja kanuni za ulimwengu wa kawaida. Katika uhalisiajabu mzuka hauvunji chochote, maana wahusika huupokea kama wanavyoipokea mvua. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliijenga nadharia yake ya fantasia juu ya kusita kwa msomaji kati ya maelezo ya kiasili na yale ya kimiujiza, na wengi wetu tumefundisha kwa kigezo hicho. Ni kigezo kizuri cha kuainisha. Hakituambii, hata hivyo, ni kwa nini mtu asiogope. Kutoogopa kunaweza kuwa hekima, kunaweza kuwa ushupavu, na kunaweza pia kuwa usugu wa moyo. Mambo haya matatu hayalingani katika mizani ya maadili.

Mfano wa kwanza ni hadithi ya Edgar Allan Poe kuhusu kuanguka kwa nyumba ya Usher, iliyochapishwa mwaka 1839. Msimulizi anafika kwa rafiki yake Roderick Usher, anakuta jumba lenye ufa mwembamba unaoteremka kutoka paani hadi kwenye maji ya ziwa, na humo ndani ndugu wawili wa mwisho wa ukoo wanaougua. Madeline anazikwa angali hai, anarudi, anamwangukia kaka yake na wote wawili wanakufa, msimulizi anakimbia, na nyuma yake jumba zima linapasuka na kuzama. Poe anatueleza kuwa wanakijiji walitumia neno moja kwa jengo na kwa ukoo. Kwa Mzungu huu ni mchezo wa maneno unaohitaji kuelezwa. Kwetu sisi hauhitaji. Pwani, mlango ni ubao wa kuingilia nyumbani na pia ni tawi la ukoo. Na huku bara, kila anayeishi kati ya Ruiru na Thika amewasikia Wakikuyu wakijiita Nyumba ya Mumbi, wala hajadhani kwamba wanazungumzia matofali.

Ninachotaka kionekane katika hadithi hii ni jinsi deni linavyolipwa. Ukoo unakwisha siku ile ile jengo linapokwisha. Hakuna mrithi wala mpangaji, na hakuna mtu atakayekuja kesho kuuliza kiwanja ni cha nani. Msimulizi, ambaye ndiye jicho la msomaji, anaondoka salama bila kudaiwa hata senti. Ndiyo maana nasema kuwa fasihi ya kigothi, pamoja na giza lake lote, ina faraja kubwa ndani yake. Inatuahidi kuwa uovu una mwenyewe anayejulikana kwa jina, na kwamba mwenyewe huyo akiangamia uovu nao huangamia.

Faraja hiyo ililetwa hapa nchini pamoja na walowezi. Sehemu hizi zina kisa chake. William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, alikuwa na shamba kubwa Juja, na Theodore Roosevelt alikaribishwa huko mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo. Maktaba yenye jina lake ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931. Kuna simulizi inayorudiwa sana kuhusu jina la Juja. Inasemekana alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, wenyeji wakaziogopa, na mwishowe zikafukiwa ardhini. Sijali sana kama simulizi hiyo ni ya kweli. Kinachonishughulisha ni umbo lake. Hapa pana ardhi iliyotwaliwa, jumba la mgeni na vibarua wake, lakini simulizi inapotafuta cha kuogopesha inavuka bara zima na kuleta sanamu za watu wengine. Mzuka umeagizwa kutoka ng'ambo ilhali wenye malalamiko wako pale pale shambani wakipalilia.

Ngugi wa Thiong'o aliliona pengo hilo. Katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi uliotoka mwaka 1975, uitwao Secret Lives, imo hadithi ya mkoloni anayejiandaa kuiaga Kenya. Anaandamwa na kumbukumbu ya mtumishi wake wa zamani, mtu aliyemwua wakati wa Hali ya Hatari. Mandhari ni nyumba ya kawaida. Mke yuko jikoni akitengeneza kahawa. Hakuna ngome wala ufa. Na mke anapofichua kuwa mtu yule alikuwa mpenzi wake, tunatambua kwamba mzuka huo ulikuwa na haki ya kuwa ndani ya nyumba hiyo kuliko alivyodhani mwenye nyumba. Lakini hata hapa mbinu inabaki ya kigothi: mwenye hatia anajulikana, anateseka, anafunga virago. Nani atakayeishi katika nyumba ile baada yake? Hadithi haina haja ya kutuambia. Sisi tunaosoma ndio tunaojua, maana baadhi yetu ndio tuliohamia.

Kwa swali hilo la aliyehamia, uhalisiajabu una mengi zaidi ya kutufundisha, na mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote ni hadithi ya Julio Cortázar kuhusu nyumba iliyotwaliwa. Ilichapishwa Buenos Aires mwaka 1946, katika jarida lililohaririwa na Jorge Luis Borges. (Wapo wanaomweka Cortázar katika fantasia na kumwondoa kabisa kwenye uhalisiajabu. Sitagombana nao, hoja yangu inahusu jinsi wahusika wake wanavyoupokea mzuka, na upokezi huo ni ule ule tunaoujua.) Kaka na dada, wote hawajaoa wala kuolewa, wanaishi katika nyumba kubwa ya mababu zao. Dada anafuma sweta, kaka anasoma vitabu vya Kifaransa. Usiku mmoja kaka anasikia sauti upande wa pili wa nyumba, anaufunga mlango mzito wa katikati, anarudi na kumwambia dada yake kuwa upande ule umetwaliwa. Dada anauliza kidogo tu, kisha anaendelea kufuma. Siku zinapita. Wanavikosa vitu vilivyobaki upande ule, wanazoea. Mwishowe sauti zinafika upande wao pia, nao wanatoka nje na nguo walizovaa tu, na kaka anaitupa funguo ndani ya mtaro ili mwizi maskini asije akaingia humo.

Wasomaji wa Argentina walikuwa tayari na tafsiri: mwaka ule ule Juan Perón alichaguliwa kuwa rais, na waliosikika nyuma ya mlango walionekana kuwa ni makabwela waliokuwa wakiingia mjini na katika siasa. Tafsiri hii ina nguvu, lakini naona kuwa ufunguo wa hadithi umo katika jambo dogo zaidi, linalotajwa kwa kupita tu. Kaka na dada hawafanyi kazi. Kila mwezi pesa zinawajia kutoka mashambani. Basi. Hatuonyeshwi shamba hata moja, wala mtu anayelilima. Mwandishi ameyaficha mashamba hayo kama wahusika wake walivyoyaficha akilini mwao, na kwa maoni yangu sauti zinazosikika nyuma ya mlango zinatoka huko. Upole wa wahusika hawa, ule utulivu tunaoambiwa kuwa ndio sifa ya uhalisiajabu, si hekima wala si ushupavu. Ni mazoea ya watu ambao maisha yao yote wamefundishwa kutouliza.

Hadithi ya Gabriel García Márquez kuhusu mizuka ya Agosti, iliyomo katika mkusanyiko wa mwaka 1992, ni fupi mno na nitaitaja kwa ufupi. Msimulizi na familia yake wanatembelea ngome karibu na Arezzo, Italia, wanasimuliwa habari za Ludovico aliyemwua mpenzi wake kitandani, wanacheka, wanakula vizuri, wanalala chumba cha chini. Asubuhi wanaamka katika chumba cha juu, kitandani mwa Ludovico, shuka zikiwa na damu ambayo ingali na joto. Ngome haianguki. Damu haikauki. Mgeni asiye na hatia yoyote amelazwa mahali pa tukio, na hadithi inakatika hapo hapo.

Hapa ndipo mikondo hii miwili inapoachana. Fasihi ya kigothi huuliza ni nani aliyetenda, nayo ikimpata humwangamiza pamoja na nyumba yake. Uhalisiajabu huiacha nyumba imesimama na kutuacha sisi ndani. Lakini ina hatari yake, na wahakiki wetu hawajaisema vya kutosha. Msomaji anayejifunza kutoshangaa anaweza pia kujifunza kutodai. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakiusifu utulivu wa kaka na dada wale kana kwamba ni maadili ya kuigwa.

Lugha yetu yenyewe ina namna ya tatu ya kulitazama jambo hili. Neno mzimu kwa Kiswahili ni roho ya mfu, na pia ni mahali: pango, mbuyu, gofu ambako watu hupeleka sadaka. Muhammed Said Abdulla, katika riwaya yake ya mwaka 1960 ya Mzimu wa Watu wa Kale, anamweka maiti wake mahali pa namna hiyo, kisha anamtuma Bwana Msa kulifumbua fumbo kwa akili na mantiki. Kama riwaya ya upelelezi ilivyopaswa, mwuaji ni binadamu. Hata hivyo jina la kitabu linabaki na maana yake: mahali hapo ni pa watu wa kale. Pwani mtu huonywa kuwa mahali fulani pana wenyewe. Tazama jinsi sentensi hiyo inavyougeuza uhusiano wote. Kwa Poe, mwenye nyumba ni aliye hai na mzuka ndio unaovamia. Katika sentensi hii aliye hai ndiye mgeni, na mgeni ana wajibu: hupiga hodi, huuliza, huleta kitu mkononi. Hofu si lazima, wala mazoea hayatoshi.

Lakini wenyewe wanaweza kutoka upande wa pili wa wakati pia. Said Ahmed Mohamed, katika hadithi ya Tumbo Lisiloshiba iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2016, anawaonyesha wakazi wa mtaa duni wa Madongoporomoka, wakiongozwa kimawazo na Mzee Mago, wanavyohofia kunyang'anywa ardhi yao. Siku moja jitu la miraba minne linaingia mkahawani, linakula chakula chote kilichopo na kuahidi kurudi. Halafu yanakuja matingatinga. Huu ni uhalisiajabu, ila mzuka wake haukutoka kaburini. Umetoka katika kesho, ukiwa na njaa. Kwa maskini wa miji yetu nyumba haipewi muda wa kuzeeka hata ikapata mizuka ya mababu; anayeiandama ni mmiliki ambaye hajafika bado.

Nayaandika haya Mwiki, ambako kuta husema kwa rangi nyekundu kuwa ploti hii haiuzwi. Eneo hili lilikuwa la mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Baada ya uhuru mwaka 1963 mengi yalinunuliwa na vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi, yakakatwakatwa, yakauzwa, na mengine yakauzwa mara mbili. Mimi nilinunua kwa mtu aliyekuwa amenunua kwa mtu. Tulipochimba msingi, fundi alisimama ghafla, akaniita. Alikuwa ameyafikia mafiga matatu, bado yamekaa kama yalivyopangwa, na katikati yake majivu yaliyogandamana na vigae vya chungu. Pengine palikuwa na kambi ya vibarua wa shamba. Fundi, mzee kuliko mimi, akaniuliza, "Mwalimu, tufanyeje?" Nilimwambia aendelee, kwani lori la mchanga lilikuwa linasubiri na dereva alikuwa akilalamika.

Nimelala katika nyumba hiyo miaka kadhaa na sijasikia chochote nyuma ya mlango. Nikiwafundisha wanafunzi hadithi ya Cortázar, hufika pale penye pesa za mashambani nikasoma polepole, na huwaomba wasiuruke mstari huo. Mafiga yenyewe fundi hakuyatupa, ingawa sikumwagiza. Aliyatoa moja moja, akayapanga kando ya lango kwa mpango ule ule, na hapo ndipo watoto wa jirani hukaa asubuhi wakingojea matatu ya shule.