Sauti ya Aliyeumia

Yupo mtunzi wa muziki wa kiklasiki, Steve Reich, aliyezaliwa New York mwaka 1936, ambaye kazi zake zapasa kutushughulisha sisi walimu wa lugha, kwani mara nyingi hutunga kwa maneno ya watu yaliyonaswa. Swali letu ni hili: je, ni halali kuichukua sauti ya mtu aliyeumia na kuifanya muziki?

Mwaka 1964 vijana sita wa Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, walikamatwa na kushitakiwa kwa mauaji. Mwaka uliofuata wakahukumiwa kifungo cha maisha, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1968. Mmoja wao, Daniel Hamm, alisimulia jinsi polisi walivyompiga. Kwa kuwa waliopelekwa hospitali ni wale tu waliotoka damu, alilazimika kuutumbua uvimbe wake ili damu ionekane. Mwaka 1966, kwa ajili ya tamasha la kuchangia kesi isikilizwe upya, Reich alikata maneno machache ya kijana huyo, akayanakili katika tepu mbili zilizoanza pamoja kisha zikaachana polepole. Sauti mbili zikawa nne, nne zikawa nane, hata mwishowe hakuna neno lisikikalo, ila mvumo tu. Kazi hiyo, ya dakika 13 hivi, yaitwa Come Out.

Yamkini mtu atasema kwamba mtunzi alimfuta kijana. Mwingine atajibu kwamba pasipo tepu ile jina la Hamm lisingefika kwetu. Jibu hili lina nguvu. Ila wapo waijuao tepu wasiijue kesi.

Nasi, ndugu walimu, tusijione wasafi. Twafundisha kauli ya kutendwa kwa kukariri: nimepigwa, umepigwa, amepigwa. Wanafunzi huitikia kama waimbao ngoma, wengine wakicheka, wala hakuna aulizaye ni nani aliyepigwa, na kwa kosa gani.

Katika Different Trains ya mwaka 1988 Reich alishika njia nyingine. Humo wanasikika Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, na mzee mmoja Mweusi aliyekuwa mhudumu wa treni Marekani. Ala nne za nyuzi hufuata kiimbo cha kila msemaji, zikipanda apandapo na kushuka ashukapo. Hapa maneno hubaki maneno. Muziki ndio unaoyatumikia, nasi twaona hii ni heshima kubwa zaidi.

Kazi zake za karibuni, Traveler's Prayer ya mwaka 2020 na Jacob's Ladder, iliyopigwa mara ya kwanza na New York Philharmonic mwaka 2023, hazina sauti za kunaswa. Waimbaji huimba aya za Biblia kwa Kiebrania. Yakobo na ngazi yake hawatamdai mtunzi kitu.

Hata hivyo tusimdhulumu. Come Out huanza kwa sentensi nzima ya Hamm, tena mara tatu, kabla haijakatwa. Je, mara tatu zatosha? Kwa aijuaye kesi, pengine. Kwa asiyeijua, hata mia ni chache. Ndiyo maana tukiicheza tepu hiyo darasani, husimulia kwanza habari za wale vijana sita, ndipo tukabonyeza kitufe.