Walio mbali nao ni waja wa Allah

Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama Kagunga, kijiji cha Ziwa Tanganyika kilichokuwa kikifikika kwa boti. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Sisi wa mijini tulichelewa kushtuka.

Wenye nguvu wanajua kuwa aliye mbali hasikiki. Mwaka 1946 Marekani iliwahamisha watu 167 wa kisiwa cha Bikini, Pasifiki, ili ijaribu mabomu ya nyuklia, ikidai ni kwa manufaa ya wanadamu. (Wenye kisiwa si wanadamu?) Machi 1, 1954 ililipua bomu lililoshinda la Hiroshima takriban mara elfu. Majivu yake yakaangukia Rongelap, watoto wakayachezea.

Qur'an imekataza ufisadi katika ardhi, haikubagua visiwa. Waliorejeshwa Bikini waliondolewa tena mwaka 1978: sumu ya mionzi ilikuwa imeingia hadi kwenye nazi zao.